Malango Kumi na Manne ya Thornley

Siku hiyo baba mtu alikuwa amekusudia kuchelewa, na Thirza alilijua hilo tangu alipomwona akisugua shaba.

Hakuna mtu wa boti anayesugua shaba asubuhi ya safari. Shaba ni kazi ya Jumapili. Lakini Enos Tolley alikuwa amepiga magoti nyuma ya boti lake jembamba, ukungu umemkalia mabegani kama shali, akizisugua zile pete tatu za bomba la moshi moja baada ya moja, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.

“Baba, hii ni saa nne.”

“Nimesikia.”

“Na watu wa kiwanda wanangoja makaa yao.”

“Makaa hayaozi.”

Thirza alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu mama yake afariki alikuwa amejifunza kumngoja baba yake kama unavyongoja lango lijae maji, yaani unasimama tu unatazama.

Mbele yao mfereji ulipanda kilima kwa ngazi ya Thornley, malango kumi na manne, moja juu ya jingine. Kila lango ni kisima kirefu cha matofali chenye milango ya mbao chini na juu. Boti huingia chini, milango ikafungwa nyuma yake, maji yakaachiwa kutoka juu, nalo likainuka mpaka usawa wa pili. Anayepanda anaomba alikute lango likiwa tupu na milango ya chini wazi. Akilikuta limejaa, lazima alimwage kwanza, na robo saa nzima imekwenda.

Kule juu, kwenye lango la kumi na nne, alikuwapo Lemuel Pask.

Lemuel alikuwa mtoto wa mlinzi wa lango lile. Miaka miwili Thirza alikuwa akipita pale na makaa, na miaka miwili kijana yule alikuwa akimngoja na kipande cha chaki mfukoni. Watoto wa boti hawasomi, hawakai mahali pamoja wiki mbili. Basi Lemuel alikuwa akimwandikia herufi moja kwenye gogo refu la kusukumia mlango, kisha maji yakiwa yanapanda, anamshika mkono na kuupitisha juu ya ile herufi. Herufi ya kwanza ilikuwa T. Siku hiyo Thirza alisahau kufunga vizibo vya kuachia maji, maji yakamwagika, na baba yake akamtukana mpaka daraja la pili.

Sasa Lemuel alikuwa amepata kazi ya kulinda lango kwenye mfereji mwingine, mbali kaskazini, kazi yenye nyumba. Treni yake ilikuwa leo, saa tisa na nusu. Wiki iliyopita alikuja kwa Enos, akavua kofia, akamtajia treni hiyo, akaposa. Enos alimjibu bila kushusha kikombe chake cha chai.

“Binti wa boti haolewi nchi kavu. Atakauka.”

“Mzee Tolley, nitamtunza.”

“Hata samaki kwenye bakuli anatunzwa.”

Yakaishia hapo. Lakini asubuhi ile, Thirza alipokwenda kuchota maji, aliona maandishi ya chaki kwenye ukuta wa daraja. Akasoma taratibu, kidole kikifuata. THIRZA. NITANGOJA MPAKA SAA TISA. Baba yake alipita hapohapo, akayatazama yale maandishi kama anavyotazama ukungu.

“Wahuni hawa,” akasema, “wanachafua kuta za watu.”

Yalikuwa maneno ya kwanza maishani mwa Thirza ambayo yeye aliyajua na baba yake hakuyajua. Hakujisikia mjanja. Alijisikia mwizi.

Waliondoka saa tano kasoro. Enos alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Kipindi kile cha mwaka, kwa ukungu ule, hakuna boti linaloshuka, na malango yote kumi na manne yangekutwa yamejaa. Wangefika juu giza linaingia.

Thirza alichomeka hendeli yake kiunoni, ule mkono wa chuma wa kuzungushia vizibo vya maji, akapanda baiskeli na kutangulia kwenye njia ya ukingoni, waliyopita zamani farasi wa kuvuta boti, kwenda kuliandaa lango la kwanza.

Alilikuta tupu, milango ya chini i wazi.

Akashukuru moyoni. Boti likaingia, akafunga, akazungusha vizibo, baba yake akapanda juu pamoja na maji, kiko mdomoni. Thirza akakimbilia la pili.

La pili lilikuwa wazi.

La tatu pia.

“Kuna mtu kashuka mbele yetu,” Enos alisema, uso umeanza kukunjamana. “Anayeshuka ndiye huacha malango matupu.”

“Ndiyo, baba.”

“Umemwona?”

“Sijamwona.”

“Anayeshuka lazima mkutane naye, binti. Hana pengine pa kupita. Mfereji ni mmoja.”

“Najua, baba.”

Enos akageuka kutazama walikotoka. Hakukuwa na kitu ila ukungu na mlio wa injini yao wenyewe unaorudi kutoka kwenye miti.

La nne lilikuwa wazi. Hapo Thirza aliinama kutazama vizibo vya mlango wa chini, akaona matone. Mbao zilikuwa zinachuruzika kama vile zimeinuliwa dakika ileile. Ndani ya kisima maji yalikuwa bado yanazunguka, povu halijatulia. Aliyelimwaga alikuwa ametoka pale sasa hivi.

Akatazama juu ya njia. Akaita, “Lemuel?”

Ukungu haukujibu. Lakini mbele kidogo, kwenye lango la tano, alisikia sauti ambayo mtoto wa boti huijua kabla ya kujua jina lake. Tik, tik, tik, tik. Lile jino la chuma linaruka kwenye gurudumu, hendeli ikizungushwa. Alipofika hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa wazi, na nyasi za ukingoni zimelala kana kwamba mtu amepita na sketi ndefu iliyolowa.

“Ni yule kijana wako,” Enos alisema boti lilipoingia. Alisema kwa ukali, lakini aliutazama ule mlalo wa nyasi muda mrefu. “Anajificha anatufanyia mchezo. Mwambie nikimshika nitamtupa majini na chaki yake.”

“Baba, Lemuel hajui kukimbia namna hiyo. Ana goti bovu.”

“Basi nani?”

La sita likawa wazi. Mkate na mafuta ya nguruwe aliomkatia baba yake ulikuwa umelala juu ya paa la chumba, haujaguswa.

Ni kwenye lango la saba ndipo alipoiona ile hendeli.

Ilikuwa imeachwa kwenye mhimili wa kizibo, inaning’inia. Mtu wa boti, hata mtoto wa miaka sita, haachi hendeli kwenye mhimili. Jino likiteleza, kizibo huanguka na hendeli huzunguka kama pangaboi, ikapasua chochote kilicho karibu. Watu wa boti wote huitoa kwanza, ndipo wageuke. Katika maisha yake Thirza alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiisahau. Mtu huyo hakuzaliwa botini. Alizaliwa katika nyumba ya mlinzi wa lango, nyumba kama ya kina Pask, akaolewa na mtu wa boti akiwa na miaka ishirini. Alijifunza kila kitu cha maji, isipokuwa hicho kimoja.

Akaikaribia. Ilikuwa imekula kutu, jani la majini limejisokota shingoni mwake. Kwenye mshiko ilikuwa imefungwa uzi mwekundu wa sufu, ule uliofungwa ili mkono usiumie kwa baridi.

Orpah Tolley, mama yake, alifariki miaka sita iliyopita katika lango la kumi la ngazi hiihii. Hendeli iliruka ikampiga kwenye paji la uso, akaangukia kisimani. Yeye walimpata saa ileile. Hendeli yake, ingawa walilimwaga lango zima na kupekua matope kwa mikono, hawakuipata.

Thirza aliitoa kwenye mhimili. Ilikuwa baridi mpaka ikamuuma. Akaichomeka kiunoni kando ya ile yake, akaifunika kwa koti, na baba yake alipotokeza kwenye ukungu hakumwambia.

La nane. La tisa. Yote wazi. Uso wa Enos ulikuwa umeingia rangi ya majivu.

Lango la kumi lilikuwa limefunguliwa milango yote miwili ya chini, kama nyumba inayotarajia mgeni.

Enos aliliingiza boti polepole, akazima injini. Thirza akafunga milango nyuma yake. Kimya kikaingia mle kisimani. Baba mtu alikuwa amesimama chini kabisa, kuta zenye ukoko wa kijani zimempanda pande zote mbili, na binti yake yuko juu ukingoni akimwangalia. Mwisho wa pili wa lango, kwenye milango ya juu, ukungu ulikuwa umefunga. Pua ya boti lao wenyewe haikuonekana.

“Usifungue vizibo,” Enos alisema. “Nitupie kamba. Tunalala hapa.”

“Kulala? Saa nane mchana?”

“Nimesema tunalala.”

“Baba, humu ndani hakuna mtu anayelala. Hata wewe hujawahi kunywa chai kwenye lango hili.”

“Leo nitaanza.”

Thirza akasogea mpaka ukingoni kabisa. Alikuwa binti wa kungoja, lakini siku hiyo kungoja kulikuwa kumefika mwisho.

“Sema unachokitaka, baba. Unataka saa tisa ipite.”

Enos akasema, “Nani kakwambia habari ya saa tisa?”

“Ukutani. Yale uliyosema ya wahuni. Niliyasoma.”

“Uliyasoma.” Mzee alilirudia neno hilo kama kitu kichungu. “Na hukuniambia.”

“Na wewe ulisugua shaba.”

Hapo wakatazamana, baba chini na mtoto juu. Ndipo wote wawili wakasikia.

Tik, tik, tik, tik.

Ilitoka kwenye milango ya juu, ndani ya ukungu. Mtu alikuwa akizungusha kizibo, bila haraka, akipumzika kila baada ya mizunguko minne. Enos alimtazama binti yake. Thirza akainua mikono yote miwili, mitupu, vidole vimetanuka, baba aione.

Maji yakaanza kuingia.

“Orpah alikuwa akipumzika hivyo,” Enos akasema kwa sauti ndogo. “Minne, anavuta pumzi. Minne, anavuta pumzi. Kifua chake hakikuwa kizuri.”

Boti likaanza kuinuka. Maji yalichemka mbele, meusi, na mzee akapanda nayo kidogo kidogo, ameshika usukani usiokuwa na kazi, akizungumza huku anapanda, kana kwamba maji ndiyo yaliyokuwa yakiyatoa yale maneno.

“Siku zote nimekuambia maji yalimla kwa sababu hakuwa mtu wa majini. Nimewaambia watu wote hivyo. Si kweli, Thirza. Siku ile tulikuwa tumenuniana. Alitaka tufunge boti wiki moja akamwone mama yake. Wiki moja tu. Kila mwaka aliniomba, kila mwaka nikasema mzigo, mzigo. Siku ile akanyamaza. Nami nikaketi ndani nakunywa chai, nikamwacha afanye lango peke yake kwenye barafu. Kwa kuwa alininunia. Niliisikia ile hendeli ikiruka. Nilidhani ameitupa kwa hasira.”

Kofia yake ilikuwa sasa imefika usawa wa viatu vya Thirza. Kisha macho. Kisha uso wote, mvua ya ukungu imeutiririkia, au si ukungu.

“Mimi nilimkausha,” akasema. “Majini hapa hapa. Na nikienda kukuacha wewe huko juu, nitabaki na nani? Boti la mtu mmoja ni jeneza lenye injini.”

Thirza akapiga magoti ukingoni. Sasa walikuwa usawa mmoja. Akamshika baba yake mkono, ule wenye makovu ya kamba.

“Baba, nina kitu nilichokuficha.” Akatia mkono chini ya koti. Akaigusa hendeli yake. Akapapasa upande wa pili, akapapasa tena. Ilikuwa moja tu.

Wakaenda pamoja mpaka kwenye milango ya juu, baba mbele. Kizibo kilikuwa kimeinuliwa mpaka mwisho. Hakukuwa na mtu, wala nyayo, ila nyasi zilizolala na maji. Na kwenye mhimili ilining’inia hendeli yenye uzi mwekundu.

Enos aliitazama. Mzee akatikisa kichwa, kama mume anavyotikisa kichwa nyumbani.

“Kaiacha tena,” akasema. “Mwanamke huyu. Mara ngapi nimwambie.”

Akaitoa taratibu, kwa mikono miwili. Akaishika mshiko, akashtuka.

“Ina joto,” akasema. “Pashike. Hapa kwenye sufu.”

Thirza alipashika. Palikuwa na joto la kiganja.

Enos alirudi botini akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na sahani, ile yenye matundu matundu pembeni na utepe wa bluu, iliyotundikwa juu ya jiko tangu Thirza apate akili. Ilikuwa kitu pekee ambacho Orpah alikuja nacho siku alipoolewa. Ukutani palibaki duara jeupe.

“Ilitoka nyumba ya nchi kavu,” akasema. “Irudi nchi kavu. Ifunge kwenye shali isivunjike. Chukua baiskeli.”

“Baba, yamebaki manne.”

“Najua kuhesabu, hata kama sijui kusoma.”

“Utayapanda na nani?”

Enos akaigeuza ile hendeli mkononi. “Nenda, binti. Treni haimngoji mtu. Mwambie huyo wa chaki kila mwaka akulete. Asije akaniambia mambo ya mzigo.”

Thirza alimkumbatia. Alinusa makaa, tumbaku, na kitu kingine kilicholowa ambacho alikijua lakini hakukipa jina. Akapanda baiskeli.

Alipita la kumi na moja, milango i wazi. La kumi na mbili. La kumi na tatu. Hakugeuka kutazama pembeni. Mara moja alihisi kuna mtu anatembea sambamba naye ng’ambo ya pili ya maji, mwendo uleule, sketi ikinong’ona kwenye nyasi. Hakuogopa. Kwa sababu gani hakuogopa, hata yeye hakuweza kusema.

Lemuel alikuwa ameketi juu ya gogo la lango la kumi na nne, begi miguuni, saa ya baba yake mkononi. Alipomwona alisimama, goti likamkatalia, akashika gogo.

“Zimebaki dakika kumi,” akasema. “Nilishakata tamaa tangu saa saba. Kwa ukungu huu, nikasema, hata shetani hapandi Thornley kabla ya giza.”

“Malango yalikuwa tayari.”

“Yapi?”

“Yote. Lemuel, nitazame. Ni wewe?”

Alimtazama. Yalikuwa macho yaleyale yaliyokuwa yakimsumbua kila usiku kwenye maegesho ya kila mji, ya kijivu, yenye subira. Hayakujua uongo.

“Mimi sijaondoka hapa tangu kupambazuke. Niliogopa ukija unikose.” Akaonyesha lango lake mwenyewe. “Hata hili sijaliandaa, baba yangu alinikataza. Mama naye kanifungia mlango, anasema watu wa boti wanaleta unyevu. Limejaa tangu jana, majani yamelilalia juu, unaona?”

Thirza akageuza macho pamoja naye. Majani yalikuwa juu ya maji kama alivyosema, ya manjano, yametulia.

Kisha, polepole, yakaanza kushuka.

Lango lilikuwa linajimwaga. Lemuel akamshika Thirza mkono na kumvuta nyuma yake, wala hakumwachia. Maji yalishuka na majani yake mpaka chini, kwa utulivu mkubwa. Milango ya chini ikapiga kelele kwenye bawaba, ikafunguka.

“Thirza,” akanong’ona. “Tuondoke hapa.”

“Subiri kidogo.”

“Treni.”

“Kidogo tu. Sikiliza.”

Kutoka chini, ndani ya ukungu, injini ya Enos ilikuwa ikipanda. Puti, puti, puti. Ikanyamaza, boti limeingia lango la kumi na moja. Hapo ndipo zikasikika hendeli. Moja ilikuwa nzito, yenye haraka, ya mtu wa boti aliyezaliwa nayo. Ya pili ilikuwa ng’ambo ya lango lilelile, kwa wakati uleule. Mizunguko minne, kimya kidogo. Minne, kimya kidogo. Na katikati yake sauti ya mzee, ya kawaida kabisa, sauti ambayo Thirza hakuwa ameisikia kwa miaka sita.

“Itoe kwanza, Orpah. Itoe kabla hujageuka.”

Lemuel alikuwa amepauka. “Nilidhani baba yako hana mtu wa kumsaidia. Yuko na nani huko chini?”

Thirza alikaza shali iliyofunga sahani, akachukua begi la Lemuel kwa mkono wa pili, kwa ajili ya lile goti.

“Yuko na mama,” akasema. “Twende.”